UZI: Mshubiri wa porini Nyanda za Juu Kusini: kilichomo ndani ya jani, namna ya kupima antioksidanti zake, na pale namba zinapopotosha

Gangilonga_Kemia (mwanzisha uzi)

Wakuu, kamwene.

Uzi huu ni wa wanafunzi wa kemia na famasia, waganga wa tiba asili, na yeyote anayekata mshubiri wa porini kuanzia Isimani hadi Chimala akitaka kujua kilichomo ndani. Neno langu kuu nalitanguliza. Ukipima antioksidanti (vitu vinavyozima radikali huru, yaani molekuli haribifu) kwenye jani zima la mshubiri, sehemu kubwa ya namba unayoipata ni ya utomvu wa njano ulio chini ya ganda. Si ya ule ute mweupe unaouzwa kwenye chupa. Ukivichanganya hivyo viwili kwenye ripoti, utaandika sifa ya kitu kimoja na mtu atakunywa kingine.

Tuanze na jani lenyewe. Kata jani la nje lililokomaa kwa kisu kisichoshika kutu, karibu na shina. Liinamishe mkato ukitazama chini, kisha angalia kati ya ganda la kijani na nyama inayong'aa. Vitone vya njano vinachomoza vimejipanga kama shanga kuzunguka jani, kila kitone mbele ya mshipa wake. Hiyo ndiyo shubiri tunayoitaja tukisema kitu ni chungu kama shubiri. Kitone kilichobaki kwenye kisu hakikai na rangi yake: kinakolea, kinakuwa kahawia, mwisho kinakauka kama gundi nyeusi. Kubadilika huko ni oksidesheni, na kunakwambia mapema kwamba una kitu kisichosubiri.

Katikati ya jani ni ute. Hauna rangi, hauna uchungu ukiutoa kwa uangalifu, na asilimia 98.5 hadi 99.5 ni maji. Kilo moja ya ute mtupu inabakiza gramu 5 hadi 15 tu za kitu kikavu, na sehemu kubwa ya hicho ni polisakaridi, sukari ndefu za aina ya mannani. Kwenye Aloe vera ile yenye asetili huitwa asemannani. Hizo ndizo zinazofanya ute uteleze na kushika maji kwenye ngozi. Kwenye kipimo cha radikali huru hazina nguvu ya kutajwa.

Utomvu ndio wenye fenoli, kundi la kemikali lenye nguvu kwenye kipimo hicho. Humo kuna anthroni zilizoungana na sukari, maarufu zaidi ni aloini A na aloini B. Hizi ni pacha: fomula moja, C21H22O9, uzito wa molekuli 418.4, zinatofautiana kwa mkao tu. Kuna kromoni kama aloesini. Kuna aloe-emodini kidogo, ambayo huongezeka aloini inapovunjika. Mizizi ina kemia yake nyingine kabisa, krisofanoli na aloesaponarini, kwa hiyo usichanganye unga wa mzizi na wa jani kisha ukaita "mmea mzima".

Tena, siyo kila mshubiri una aloini. Spishi nyingine zina homonataloini mahali pake, nyingine zina aloenini kwa wingi. Ndiyo maana kunakili orodha ya kemikali za Aloe vera na kuibandika kwenye mshubiri wa mawe ya Isimani ni kosa, hata kama majani yanafanana.

Namna ya kuandaa sampuli. Tenga vitu vitatu tangu shambani: utomvu, ganda, ute. Utomvu: simamisha majani yaliyokatwa ndani ya bakuli la kioo, mkato chini, yakiwa yameegemea ukingo, dakika 15 hadi 30. Usikamue. Ukikamua unaingiza ute, na ute ukiingia kwenye methanoli utakuletea mawingu utakayopambana nayo hadi mwisho. Chupa iwe ya kahawia, au ifungwe foili, iende kwenye ubaridi siku hiyohiyo. Baada ya kuchuruzisha, menya ganda, kwangua ute kwa kijiko, suuza minofu ya ute kwa maji safi mpaka njano iishe.

Ganda likatwe vipande vya milimita 3 hadi 5 na kukaushwa kivulini penye upepo au kwenye oveni ya nyuzi 40. Jani zima la mshubiri lisikaushwe bila kukatwa. Ganda lake lina nta, linafunga maji ndani, na mmea unaendelea kuishi wiki kadhaa. Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea huku kwetu, utakuta ukungu mweusi katikati. Mwezi wa saba hewa ni kavu lakini baridi, kwa hiyo oveni bado inahitajika.

Unga ukishakuwa tayari: gramu 50 kwa mililita 500 za methanoli ya asilimia 70, tikisa saa 24 gizani, chuja, rudia mara mbili kwa kimiminika kipya. Unganisha, vukiza kwa nyuzi zisizozidi 40. Pima uzito wa dondoo na uandike asilimia yake. Hiyo asilimia wengi huitupa, na bila hiyo namba zako zote haziwezi kurudishwa kwenye jani.

---

HebariaKusini

Mkuu umeanza vizuri, lakini kabla ya methanoli kuna jina. Mshubiri gani?

Nyanda za Juu Kusini kuna spishi kadhaa na zinazaana zenyewe kwa zenyewe zikikua jirani. Aloe lateritia ina majani mapana yenye madoa meupe, miiba ya kahawia pembeni, na maua ya rangi ya tofali yaliyokaa kama mwavuli bapa. Jina lake lenyewe linatokana na hiyo rangi ya tofali. Aloe nuttii ni ya kwenye majani ya mbuga, majani yake membamba kama nyasi nene, mtu asiyeijua anaipita. Kuna pia Aloe mzimbana na Aloe duckeri, zinazofika mpaka Malawi na Zambia.

Usitambue kwa majani peke yake. Madoa yanapungua mmea ukizeeka, na jua kali hugeuza jani la kijani kuwa jekundu. Chukua ua. Kwenye kundi la mishubiri yenye madoa, ua limevimba chini kama kitunguu kidogo, kisha linabana ghafla juu ya ovari, halafu linapanuka tena. Pima urefu wake kwa milimita, andika rangi likiwa bichi, piga picha ya shada zima na ya ua moja lililopasuliwa.

Kubana sampuli ya mmea wenye maji ni kazi. Ukiliweka jani zima kwenye mbano litaoza au litaendelea kukua. Lipasue kwa urefu, kwangua nyama yote libaki ganda, lichovye kwenye maji ya moto au alkoholi ili life, ndipo ubane, na karatasi ubadilishe kila siku wiki ya kwanza. Peleka nakala kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, yaani Hebaria ya Taifa Arusha au hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upate namba ya sampuli. Ripoti isiyo na namba hiyo haiwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Na watu wa mjini wasichanganye na mkonge. Jani la mkonge likivunjwa lina nyuzi ngumu, halitoi vitone vya njano, na mmea hutoa maua mara moja ukafa. Ukiona utomvu mweupe kama maziwa, huo si mshubiri, ni jamii ya mnyaa. Usiuguse kisha ukajipangusa macho.

---

Kijana_wa_Loleza

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza mawili. Kipimo cha Bornträger, kile cha kutafuta anthrakwinoni, kwenye ganda kinatoka hasi, amonia haigeuki waridi kabisa, wakati utomvu ni wa njano kweli na mchungu. Pili, DPPH yenyewe (ile radikali huru ya zambarau ambayo antioksidanti huifuta rangi), kabla ya kuweka dondoo, inasoma 0.31 kwenye nanomita 517. Ni sawa kuendelea?

---

BentiYaKemia

Marahaba mdogo wangu. Yote mawili yana sababu.

Bornträger wa kawaida unashika anthrakwinoni zilizo huru. Aloini siyo hiyo: ni anthroni, na sukari yake imeshikwa kwa kaboni na kaboni. Kiungo hicho hakikatiki kwa asidi peke yake, hata uchemshe mpaka jioni. Lazima uoksidishe kwanza. Fanya hivi: dondoo kidogo, mililita 5 za feri kloridi ya asilimia 5 na mililita 5 za asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa, weka kwenye maji yanayochemka. Vitabu vinasema dakika 5. Kumbuka Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi na si 100, kwa hiyo mpe dakika 10. Poza kabisa, tikisa na toluini au etha, tenganisha tabaka la juu, ndipo uweke amonia na kutikisa taratibu. Waridi itatokea kwenye tabaka la amonia. Ukiweka amonia moja kwa moja kwenye mchanganyiko wenye feri utapata tope la kahawia na hutaona kitu.

Ukitaka uhakika zaidi tumia kromatografia ya bamba la silika. Kimiminika ni ethili asetati, methanoli na maji kwa uwiano wa 100 : 13.5 : 10. Nyunyiza hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 ndani ya methanoli, angalia chini ya taa ya nanomita 365. Aloini inang'aa njano katikati ya bamba. Kromoni zinang'aa buluu. Weka na aloini halisi pembeni, kwa sababu njano si jina la kemikali.

Sasa 0.31. Usiendelee. DPPH ya milimoli 0.1 kwa lita isome karibu 1.1 kwenye kuveti (kichupa cha kusomea mwanga) ya sentimita moja. Ikichanganywa nusu kwa nusu na methanoli, yaani ibaki 0.05, isome karibu 0.55. Wewe uko chini sana, na sababu huwa ni mojawapo kati ya tatu.

Kwanza mizani. Milimoli 0.1 ni miligramu 3.94 kwa mililita 100. Mizani inayosoma gramu 0.01 haiwezi kukupimia hizo, unabahatisha. Pima miligramu 39.4 kwenye mizani ya tarakimu nne, yeyusha kwa mililita 100 za methanoli upate milimoli 1, kisha punguza mara 10 asubuhi ya kazi. Pili mwanga. DPPH iliyokaa dirishani inafifia, tena jua la huku juu ni kali. Foili muda wote, na mpya kila siku. Tatu kimiminika. Usitumie spiriti ya dukani yenye rangi ya zambarau. Ile rangi inanyonya mwanga katika eneo lilelile unalosoma.

Halafu fanya kipimo cha kujikagua ambacho wengi hawakifanyi. Molekuli moja ya vitamini C inazima mbili za DPPH. DPPH ikiwa milimoli 0.05 ndani ya kuveti, nusu yake ni 0.025, na hiyo inahitaji 0.0125 ya vitamini C. Zidisha kwa 176.12, unapata mikrogramu 2.2 kwa mililita. Hiyo ndiyo IC50 (mkusanyiko unaozima nusu ya DPPH) unayopaswa kuikaribia kwa vitamini C ndani ya kuveti. Ukipata 15, tatizo halipo kwenye mmea, lipo kwenye maabara yako, na namba zote za mshubiri wa siku hiyo zitupwe.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini IC50 za ripoti mbili hazilinganishwi hivihivi. Ukianza na DPPH 0.1 ndani ya kuveti, vitamini C ileile itatoa 4.4. Kitu ni kilekile, namba imezidi mara mbili. Na yule anayeandika mkusanyiko wa dondoo kabla ya kuchanganya na DPPH, badala ya ule wa ndani ya kuveti, anazidisha tena. Andika wazi umetumia upi.

---

Gangilonga_Kemia

Naongezea hapo kwa BentiYaKemia, suala la rangi ya dondoo lenyewe. Ganda la mshubiri lililokaa linatoa dondoo la kahawia, na kahawia inanyonya hata kwenye 517. Ukilisoma hivihivi itaonekana DPPH imebaki nyingi, na dondoo lenye nguvu litaonekana dhaifu. Kwa kila mkusanyiko andaa kuveti ya pili: dondoo na methanoli, bila DPPH. Toa usomaji wake. Kisha asilimia ni DPPH tupu kutoa hiyo iliyosahihishwa, gawanya kwa DPPH tupu, zidisha kwa 100. Mikusanyiko isipungue mitano, na iwepo iliyo chini ya asilimia 50 na iliyo juu. Mtu akichora mstari kutoka 60 hadi 90 na kuurefusha kinyumenyume mpaka 50, anakisia.

Ute ukitaka kuupima, ondoa kwanza polisakaridi. Ongeza ethanoli mara nne ya ujazo wa ute, acha usiku kucha kwenye nyuzi 4, utaona nyuzi nyeupe kama pamba zimetuama. Zungusha kwenye sentrifuji, chukua cha juu. Bila hivyo zitaganda ndani ya kuveti, na mwanga unaotawanywa na mawingu mashine inauhesabu kama rangi.

---

Mfamasia_Uyole

Kuhusu kupima fenoli kwa Folin-Ciocalteu, kimiminika kinachogeuka buluu kikikutana nazo, kwa kuwa ndicho kipimo cha kwanza kwenye kila ripoti na ndicho kinachoharibiwa zaidi.

Mililita 0.5 za dondoo au asidi ya galiki (fenoli ya kulinganishia), mililita 2.5 za Folin iliyopunguzwa mara 10, subiri dakika 3 hadi 8, ndipo mililita 2 za kaboneti ya sodiamu ya asilimia 7.5. Mpangilio usigeuzwe. Folin inavunjika kwenye alkali, kwa hiyo lazima iwe imeshakutana na fenoli kabla kaboneti haijaingia. Dakika 30, soma kwenye 765. Mstari wa asidi ya galiki uwe wa siku hiyohiyo, mikrogramu 10 hadi 100 kwa mililita.

Joto la chumba. Maelekezo mengi yameandikwa kwa chumba cha nyuzi 25. Mbeya mwezi wa sita na wa saba chumba kinaweza kuwa nyuzi 14 asubuhi, na rangi ya buluu inapanda polepole. Ukisoma kwa dakika 30 hizo unapata fenoli chache kuliko zilizopo, kisha mwezi wa kumi unarudia unapata nyingi na kuandika kwamba msimu umebadilisha mmea. Weka mirija kwenye maji ya nyuzi 40 kwa dakika zisizobadilika, yote, pamoja na galiki.

Kaboneti iwe ya maabara. Magadi ya sokoni yana bikaboneti na chumvi nyingine, hayafikishi alkali inayotakiwa na yanaleta chenga. Chenga nyeupe zikitokea hata kwa kaboneti safi, zungusha kabla ya kusoma.

Folin hasomi fenoli tu. Vitamini C, sukari za kupunguza na protini anavisoma pia. Na kwenye mshubiri, aloini yenyewe ni fenoli, kwa hiyo "jumla ya fenoli" ya ganda kwa sehemu kubwa ni aloini na ndugu zake.

Flavonoidi kwa alumini kloridi ndipo penye shimo kubwa zaidi. Anthrakwinoni nazo zinashikana na alumini na kutoa rangi ya machungwa hadi nyekundu. Dondoo la mshubiri linaweza kuonyesha "flavonoidi" nyingi huku nyingi kati ya hizo siyo flavonoidi. Chora mkondo mzima wa 350 hadi 600 badala ya kusoma 415 pekee. Kilele kikihama kwenda karibu na 500, usikiandike kama kwasetini, flavonoidi ya kulinganishia.

---

Kijana_wa_Loleza

Ndaga fijo wakubwa. Kuhusu kubadilisha namba kuwa za jani kavu, naomba mfano mmoja. Na kukata asubuhi au jioni kuna tofauti?

---

BentiYaKemia

Mfano, namba za kufundishia tu. Umeandaa dondoo la miligramu 1 kwa mililita, mstari wa galiki unakupa mikrogramu 42 kwa mililita. Hiyo ni miligramu 42 za galiki kwa gramu ya dondoo. Kama gramu 50 za unga zilitoa gramu 9 za dondoo, mavuno ni asilimia 18. Zidisha 42 kwa 0.18: miligramu 7.56 kwa gramu ya unga mkavu. Anayeandika 42 na anayeandika 7.56 wanaweza kuwa wamepima mmea uleule. Andika zote mbili, na unyevu wa unga uliopimwa kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike.

Saa ya kukata ina tofauti, hasa kwenye ute. Mimea hii hufungua vinyweleo vya majani usiku, inameza hewa ya kaboni na kuihifadhi kama asidi ya maliki, mchana inaitumia ikiwa imejifunga kuzuia maji yasipotee. Jambo hili liliandikwa mapema mwaka 1813, pale Benjamin Heyne alipoonja majani ya jamii ya kalanchoe huko India akakuta ni machachu asubuhi na hayana ladha mchana. Asidi ya maliki haizimi DPPH kwa maana, lakini inashusha pH, na pH inagusa Folin na inagusa kudumu kwa aloini. Chagua saa moja, mathalani saa tatu asubuhi, na mimea yote ikatwe ndani ya saa hiyo.

Idadi nayo. Kusoma dondoo moja mara tatu si sampuli tatu. Ni kipimo cha mkono wako na mashine. Kata mimea isiyopungua mitano iliyotengana, maana mishubiri iliyobanana kwenye jiwe moja mara nyingi ni machipukizi ya mama mmoja, na kila mmea uutoe dondoo lake.

---

MamaVifaranga_Isimani

Jamani habari za kazi. Sisi wafugaji tunakatakata shubiri tunaweka kwenye maji ya kuku wakati wa mdondo. Hizo antioksidanti ndizo zinazowasaidia?

---

DaktariMifugo_Mafinga

Salama mama, asante kwa swali. Mdondo ni kirusi, na kuzima DPPH kwenye kioo hakuonyeshi kitu chochote kuhusu kirusi. Ni vipimo viwili visivyojuana. Kinachozuia mdondo ni chanjo. Ile ya I-2 inavumilia joto kuliko chanjo nyingine na inatolewa tone moja kwenye jicho, hurudiwa kila miezi mitatu hadi minne. Wachanjwe wakiwa wazima; kuku aliyeanza kupinda shingo chanjo haimrudishi.

Kama unaendelea kuweka shubiri, jua mambo mawili. Utomvu ni wa kuharisha. Kuku mgonjwa tayari anapoteza maji, ukimwongezea kuhara unammaliza. Na maji machungu kuku wanayanywa kidogo, hasa vifaranga. Basi yasiwe ndiyo maji pekee bandani, weka na chombo cha maji safi.

---

Mfamasia_Uyole

Hapo kwa binadamu ni vilevile, na naomba wauza juisi wasome taratibu.

Aloini ikifika utumbo mpana, bakteria wanaivunja kuwa aloe-emodini anthroni, na hiyo ndiyo inayosukuma choo. Ndiyo dawa ya zamani ya mtu aliyefunga choo. Ikitumiwa mfululizo inapoteza potasiamu mwilini. Anayetumia digoksini au vidonge vya kukojoza kwa ajili ya presha na moyo yuko kwenye hatari ya mapigo kwenda mrama. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mwenye vidonda vya utumbo wasipewe.

Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa dawa za choo za aloe kwenye orodha ya dawa zinazouzwa bila cheti. Baadaye shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka dondoo la jani zima la Aloe vera kwenye kundi la 2B, yaani huenda linasababisha saratani, baada ya majaribio ya panya waliolinywa kwenye maji na kupata uvimbe wa utumbo mpana. Ni jani zima lisilochujwa njano, si ute uliosafishwa. Kigezo cha wazalishaji wakubwa wa aloe duniani kwa vinywaji ni aloini isiyozidi sehemu 10 kwa milioni.

Sasa ona mgongano ulivyo. Anayebandika "antioksidanti nyingi" kwenye chupa ya jani zima anasifu sehemu ileile ambayo wengine wanaiondoa kwa mkaa maalumu kabla ya kuuza. Na mkaa ukipita, fenoli zinaondoka nazo. Huwezi kuuza usafi wa ute na namba za utomvu kwenye lebo moja. Wanaoandaa dawa za kuuza wajisajili Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa mujibu wa sheria ya 2002, na kabla ya kuandika lebo wapeleke sampuli ikapimwe aloini. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya kanda ipo Mbeya.

Na hilo dondoo la methanoli mlilolitoa maabara ni la kupimia tu. Lisionjwe, lisipakwe mtu.

---

HebariaKusini

Kabla uzi haujasogea mbali: uvunaji. Kata majani mawili au matatu ya nje kwa kila mmea, moyo usiguswe, mzizi using'olewe. Mmea ulioachiwa moyo unaendelea, uliong'olewa kwenye ufa wa jiwe haurudi, na mbegu zake zinahitaji mvua mbili tatu nzuri kushika pale. Ndani ya hifadhi ya msitu uwe na kibali.

Mishubiri yote ya porini iko chini ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, nyingi Kiambatisho cha II. Aloe vera peke yake ndiyo iliyoachwa nje. Ukituma unga au dondoo kwenye maabara ya nje ya nchi bila kibali, mzigo utazuiwa hata ukiwa gramu 20. Shughulikia kibali kabla ya kukausha, maana kikichelewa miezi mitatu na sampuli imekaa kwenye joto, aloini uliyotuma siyo uliyokata.

---

Kijana_wa_Loleza

Nimeelewa wakubwa. La mwisho: umeme ukikatika usiku na utomvu uko kwenye friza, siku ya pili bado unafaa?

---

Gangilonga_Kemia

Usiuamini kwa macho. Kausha sehemu ya utomvu siku ya kwanza kabisa: mwaga tabaka jembamba kwenye sahani ya kioo, weka kwenye desiketa (chombo cha kukaushia) yenye silika gizani, ikikauka ikwangue, igawe kwenye vichupa vidogo vya kahawia vya miligramu 50 kila kimoja. Kavu linavumilia kukatika kwa umeme kuliko maji. Fungua kichupa kimoja kwa kila siku ya kazi, kilichobaki ukitupe.

Utomvu wa maji ulioyeyuka usiku, upitishe kwenye bamba la silika pembeni ya kile kikavu. Aloini ikiwa na ung'aavu uleule na hakuna doa jipya karibu na mstari wa juu, ambako aloe-emodini hupanda, endelea. Doa hilo likiwepo, anza na majani mapya.